Ukumbi wa Muziki wa Usiku: Sheria Ianzie Mlangoni

Ndugu Mwenyekiti, ndugu madiwani, ndugu wafanyabiashara wa Kasulu na Kibondo:

Nimeombwa nizungumzie masharti ya sheria kwa mtu anayetaka kufungua na kuendesha ukumbi wa muziki wa usiku katika wilaya zetu hizi za nyanda za juu za Kigoma. Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Dar es Salaam na Arusha, na kwamba sisi wa huku tungezungumza kwanza juu ya kahawa, maharage na mihogo. Sikubaliani nao. Mwezi Oktoba 2022 wilaya hizi ziliunganishwa na gridi ya Taifa, na majenereta yaliyokuwa yakinguruma kwa dizeli yakazimwa. Ujenzi wa barabara ya lami ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 260, umeleta mafundi, madereva na wasafiri wanaolala katika miji yetu. Penye umeme na wageni, muziki haukawii kufika. Kumbi zitafunguliwa tupende tusipende. Lililo mikononi mwetu ni namna zitakavyofunguliwa.

Kabla sijataja sheria hata moja, nawakumbusha yaliyowapata jirani zetu wa Tabora. Siku ya Idd-el-Fitri, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto walijazana katika ukumbi mmoja wa disko mjini humo, katika yale maonyesho yaliyoitwa disko toto. Watoto wapatao 20 walikufa. Walikufa kwa msongamano na kukosa hewa, mahali walipopelekwa kusherehekea sikukuu. Tangu wakati huo kila sikukuu ikikaribia Polisi wamekuwa wakitangaza kwamba disko toto ni marufuku. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba vibali ni usumbufu wa makaratasi, mwulizeni kama amepata kuisikia habari ya Tabora.

Sasa tuje kwenye utaratibu. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la mpangilio. Kijana anakopa fedha, ananunua spika na mashine za muziki, anakodi ghala la zamani la mazao, anapaka rangi, anatangaza siku ya ufunguzi, ndipo anapokwenda kuuliza habari za leseni. Hapo ndipo anapoambiwa kwamba kiwanja kile ni cha makazi, au kwamba ukuta lazima ubomolewe ili upatikane mlango wa pili. Mtaji umekwisha na ukumbi haujafunguliwa. Nasema, mwanzo wa yote ni mahali. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haimruhusu mtu kugeuza matumizi ya jengo kwa kutaka kwake tu. Ghala likigeuzwa kuwa ukumbi, au nyumba ya kuishi ikigeuzwa kuwa baa, yapasa kibali cha mabadiliko ya matumizi kipatikane kwanza kutoka mamlaka ya mipango. Nenda kwa Afisa Mipango Miji kabla hujalipa hata kodi ya mwezi mmoja.

Mambo ya jina la biashara kwa BRELA, namba ya mlipa kodi kwa TRA, na leseni ya biashara chini ya Sheria ya mwaka 1972, sitayakalia muda mrefu, kwa kuwa kila mwenye duka hapa anayafahamu. Lakini pombe ina sheria yake. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inataka kila auzaye kileo awe na leseni ya vileo, na leseni hiyo huamuliwa na bodi, si na mtu mmoja mezani kwake. Maombi hupita kwa serikali ya mtaa au ya kijiji na kwa kata, na Afisa Afya na Polisi hutoa maoni yao. Leseni hiyo hutolewa kwa miezi sita, kisha huombwa upya. Inataja aina ya mauzo, na saa za kuuza zimewekwa kisheria. Na wala pombe yetu ya ndizi haiko nje ya sheria hii. Pombe za kienyeji nazo zina leseni yake. Ama gongo, hiyo imekatazwa, kama ambavyo viroba navyo vilipigwa marufuku mwaka 2017.

Wengi hudhani leseni ya vileo inatosha. Haitoshi. Leseni ya vileo inamruhusu mtu kuuza kileo, haimruhusu kuendesha dansi. Ukumbi wa burudani unahusika na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Wazee wetu wanakumbuka Novemba 1969, muziki wa soul ulipopigwa marufuku Dar es Salaam kwa amri ya mkoa. Sina nia ya kuufufua ubishi ule leo. Nautaja kwa sababu watu wengine bado wanafikiri kwamba serikali ikifika ukumbini imekuja kuuhukumu muziki. BASATA wanaangalia maadili, ni kweli, lakini ofisi nyingi zaidi zinakuja kuangalia milango, nyaya, vyoo na umri wa waliomo ndani.

Na huo muziki wenyewe una mwenyewe. Mkoa wetu unajivunia wasanii wenye asili ya Kigoma, kina Diamond Platnumz na Ali Kiba, na nyimbo zao zinapigwa kila kona. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake, inataka anayepiga wimbo wa mtu hadharani kwa ajili ya biashara amlipe mwenye kazi. Ni ajabu kumsifu msanii kwamba ni mtoto wa nyumbani, huku unakula jasho lake bure.

Nirudi kwenye mlango. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inataka jengo la namna hii likaguliwe na lipewe cheti. Mkaguzi atauliza maswali mepesi. Je, watu 200 wakitaka kutoka kwa pamoja watapita wapi? Je, mlango wa dharura unafunguka kuelekea nje, au umefungwa kwa kufuli ili watu wasiingie bila kulipa? Mitungi ya kuzimia moto ipo, na yupo mfanyakazi ajuaye kuitumia? Kufuli lile, ndugu zangu, ndilo ninaloliogopa kuliko kitu chochote. Mwenye ukumbi hulifunga ili kuokoa kiingilio cha watu kumi, na usiku wa msukosuko kufuli hilohilo huwafungia ndani watu mia. Katika miji yetu, ambamo kumbi nyingi zitakuwa maghala na maduka yaliyogeuzwa, shauri la mlango wa pili lisiachwe kwa hiari ya mwenye nyumba.

Mlangoni hapohapo ndipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapoanza kufanya kazi. Mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria imemtwika mwenye baa au klabu ya usiku wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto haingii, na imekataza kumwuzia kileo au sigara. Wajibu ni wa mwenye ukumbi. Hawezi kujitetea kwamba mtoto alikuja na mjomba wake.

Wako pia wale wanaohudumia. Mabinti wengi hutoka vijijini kuja kuhudumu katika baa, wakiahidiwa mshahara kwa mdomo na mahali pa kulala nyuma ya jiko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema usiku ni baada ya saa 2 usiku hadi kabla ya saa 12 asubuhi, na kwamba kila saa ya kazi ya usiku ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Inataka masharti ya kazi yaandikwe. Mhudumu anayeambiwa kwamba mshahara wake ni bakshishi ya wateja anadhulumiwa, na aliye chini ya miaka 18 hapaswi kuwamo humo kabisa.

Wilaya zetu zina jambo jingine ambalo wa Arusha hawalijui. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ndugu zetu waliokimbia vita vya Kongo, na ya Nduta ikafunguliwa upya mwaka 2015 kwa Warundi. Miongoni mwa wakimbizi wamo wapiga gitaa hodari, na mwenye ukumbi hushawishika kuwaajiri kwa ujira mdogo, kwa kujua kwamba hawana pa kulalamika. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 haimruhusu mkimbizi kutoka kambini bila kibali, na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inataka kibali cha kazi. Anayekamatwa usiku wa manane ni yule mpiga gitaa. Mwenye ukumbi analala kwake.

Kuhusu kelele, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake zimeweka viwango vya sauti, na vya usiku ni vya chini kuliko vya mchana. Mwaka 2023 NEMC walizifungia baa na kumbi nyingi mijini kwa sababu hiyo. Miji yetu iko milimani, na sauti ya spika moja juu ya kilima huteremka bondeni mpaka wodi ya wagonjwa na bweni la wanafunzi.

Nimesema na wenye kumbi. Sasa niseme na ndugu watendaji, kwa maana lawama haiko upande mmoja. Mwananchi anayetaka kufuata sheria huzungushwa ofisi kwa ofisi, na kila ofisi humtajia sharti lake tu. Akishafungua, ndipo wanapofika mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na faini yake, na wengine bila stakabadhi. Hali hiyo humfundisha mfanyabiashara kwamba ni nafuu kumwona mtu kuliko kuomba cheti. Napendekeza halmashauri zetu zibandike katika mbao za matangazo, kwa Kiswahili, orodha moja ya vibali vyote, ada ya kila kimoja, ofisi inayokitoa na idadi ya siku za kusubiri. Napendekeza pia kwamba Afisa Afya, Polisi, mtu wa Zimamoto na wa Mipango Miji waende kulikagua jengo siku moja, kabla bodi haijakaa, waandike pamoja yanayotakiwa kurekebishwa, na nakala aachiwe mwombaji.

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa tupokee maswali, na ningependa waanze wale ambao tayari wana kumbi.