Hema la Afya Kando ya Uwanja

  Mama mpendwa, na wewe nyanya, shangazi au dada unayemlea mtoto, ukiwa nyumbani Bulla Iftin, sokoni mjini Garissa, au mbali malishoni na mifugo, keti nasi kidogo.

Leo tutazungumza juu ya mpira. Usishangae. Mwezi wa Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalichezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Bila shaka unakumbuka huzuni ya vijana siku ile Harambee Stars walipotolewa na Madagaska kwa penalti katika robo fainali. Mpira hukusanya watu wengi kuliko baraza lolote. Ndiyo maana mashirika ya kujitolea hupenda kusimamisha hema la afya kando ya uwanja wakati wa mashindano. Watu tayari wapo, na huduma huwafuata pale pale.

Basi, je, hema lile ni la nani? Wengi wetu hudhani ni la wachezaji na watazamaji. Mama hupita mbali na mtoto mgongoni, akisema, "Yale ni mambo ya wanaume." Lakini mama, huyo mtoto aliye mgongoni mwako ndiye anayetafutwa.

Wazo la kutumia mpira kupigana na ugonjwa si geni. Mwaka 1996, Nelson Mandela alizindua kampeni ya kuipiga polio teke itoke Afrika. Mwaka 2010, mwaka wa Kombe la Dunia kule Afrika Kusini, shirika la Rotary lilituma mpira mmoja usafiri barani. Rotary imekuwa ikipigana na polio duniani tangu 1985. Mpira huo ulitiwa saini na Askofu Desmond Tutu, ambaye yeye mwenyewe aliugua polio utotoni. Uliondoka Cape Town tarehe 23 Februari, ukapitia nchi nyingi, hadi Alexandria, Misri.

Mpira ule haukumkinga mtoto hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwaita watu. Kinachomkinga mtoto ni chanjo, na chanjo humfikia mtoto kwa sababu mtu fulani amemleta.

Kwa nini jambo hili lituhusu sana sisi wa Garissa? Kwa sababu polio imebisha hodi hapa kwetu zaidi ya mara moja. Kenya ilikuwa imekaa bila polio tangu 1984. Mwezi wa Oktoba 2006 ikapatikana kwa mtoto wa miaka 3 katika kambi za Dadaab. Mwaka 2013 ikarudi. Wa kwanza kujulikana alikuwa msichana wa miezi 4 tu, karibu na Dadaab, na mwaka huo Kenya ikahesabu wagonjwa 14. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na polio ya asili, nasi tukashukuru. Lakini mwaka 2023 polio ya aina nyingine ilipatikana kambini Hagadera.

Hiyo aina nyingine ni ipi? Tuseme ukweli, kwa sababu mama hudanganywa na uvumi pale ambapo hajaambiwa ukweli. Matone ya chanjo yana kirusi kilichodhoofishwa. Mtoto akiyapata, mwili wake hujifunza kujikinga, kisha kirusi kile hutoka na choo. Mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, kirusi hicho huweza kuzunguka kwa muda mrefu kutoka mtoto hadi mtoto, kikabadilika, kikapata nguvu ya kulemaza. Mahali ambapo karibu watoto wote wamechanjwa, hakipati pa kwenda. Kwa hiyo mtoto anayerukwa anabaki hatarini, na jirani zake pia.

Wengine husema chanjo hii inafunga uzazi. Si kweli. Tazama katika ukoo wako mwenyewe. Wako waliopewa matone utotoni, na leo wanalea watoto wao.

Polio huenea kwa choo kupitia mikono michafu, maji na chakula. Katika kila watu 200 wanaoambukizwa, takriban mmoja hupooza, na kupooza huko hakuna dawa ya kukuponya. Wale wengine huonekana wazima au wana homa ndogo tu, huku wakiendelea kuwaambukiza wenzao. Ndiyo maana huwezi kungoja uone ugonjwa kwa jirani ndipo umpeleke mwanao.

Sasa turudi kwenye hema. Ukiingia ndani huenda ukakuta michezo. Watoto wanafundishwa kunawa mikono kwa sabuni, au wanapiga mpira golini na kujibu maswali ya afya. Waache wacheze, ndivyo wanavyojifunza. Na goli lina somo lake. Goli lisilo na kipa hufungwa hata na mtoto mdogo. Chanjo ni kipa wa mwili wa mwanao, naye kipa husimama golini kabla mpira haujapigwa.

Pengine mhudumu atapima mkono wa mwanao kwa utepe wa rangi. Utepe huu ni wa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Kijani maana yake lishe yake inaridhisha. Manjano, yaani kati ya sentimita 11.5 na 12.5, maana yake ameanza kudhoofika na anahitaji msaada. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, maana yake ni hatari. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usione haya. Mtoto kudhoofika wakati wa ukame si aibu ya mama.

Mama, nenda ukiwa umejitayarisha. Mechi huchezwa jioni jua likipoa, na uwanja hujaa. Nenda mapema, kabla ya umati. Nenda na mama wenzako, mbebe maji ya kunywa na kitambaa cha kumfunika mtoto jua. Beba kijitabu chake cha kliniki. Uliza wahudumu wametoka wapi, na kama ofisi ya afya ya kaunti inawatambua. Uliza mwanao anapewa nini na kwa nini. Chanjo ya watoto katika kampeni hizi ni bure, kwa hiyo usitoe pesa. Kabla ya kuondoka, hakikisha kilichotolewa kimeandikwa.

Halafu kumbuka neno hili: hema hung'olewa mashindano yakiisha, lakini kliniki hubaki. Matone ya uwanjani ni nyongeza, hayachukui nafasi ya kliniki. Mtoto anahitaji chanjo akizaliwa, kisha akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Katika wiki ya 14 hupata pia sindano ya polio. Chanjo ya surua ni miezi 9, tena miezi 18. Kama mlihama na mifugo mkakosa tarehe, msikae nyumbani kwa kuogopa kukaripiwa. Nendeni hata mkiwa mmechelewa. Muuguzi ataendelea pale mlipoachia.

Na ukiona mtoto yeyote aliye chini ya miaka 15 amelegea mguu au mkono ghafla, usiseme ni jicho la watu, wala usingoje wiki ipite. Mwambie mhudumu wa afya ya jamii au mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Choo chake kitachukuliwa kikapimwe. Habari yako moja inaweza kuokoa watoto wa mtaa mzima.

Kwa ufupi, mama:
– Hema la afya uwanjani ni lako na mwanao pia.
– Beba kijitabu, uliza maswali, hakikisha imeandikwa.
– Matone ya kampeni hayaondoi tarehe za kliniki.
– Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kula.
– Mguu ukilegea ghafla, toa habari leo.

Zungumzeni na mama wenzako: Katika boma letu, ni mtoto gani ambaye kijitabu chake hatujakitazama mwaka huu? Ni mama gani anayeogopa kwenda peke yake? Nani atamsindikiza?

Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Vijana wetu wanalingoja kwa hamu. Nasi tuna letu la kungoja: watoto wa Garissa wenye miguu mizima ya kuukimbilia mpira.