Juu ya Kuthibitisha Hati Zitakazotumika Ng'ambo

(Hotuba iliyosomwa na makarani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka)



Halmashauri imetutaka sisi wa meza ya makarani tuseme neno juu ya hati zinazopelekwa ng'ambo, kwa kuwa mwaka huu jambo hili limetuletea watu wengi ofisini kuliko jambo lingine lo lote ila mazishi. Twajua ya kuwa habari za mihuri na sahihi si tamu kama habari za mweka hazina anapokuwa na akiba ya kugawa, lakini twaomba mtuvumilie.

Yuko mjane mmoja miongoni mwetu ambaye mumewe alifariki akiwa kazini Dubai. Mwajiri alikubali ya kuwa marehemu alistahili malipo ya mwisho wa kazi, wala hakuna aliyebisha ya kuwa mama huyu ndiye mkewe. Hata hivyo fedha zile zilikaa miezi 11, na watoto wawili wakarudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa ajili ya karo. Hati ya ndoa aliyoipeleka ilikuwa ya kweli kabisa. Upungufu wake ulikuwa huu tu, kwamba haikuwa na alama yo yote ambayo afisa wa nchi ile angeweza kuitambua. Ilipopitishwa katika njia tutakayoieleza, malipo yalitoka.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Afisa wa ng'ambo hamjui msajili wetu wa ndoa, wala hajapata kuiona sahihi yake. Anayoijua ni sahihi ya ubalozi wa nchi yake ulioko Nairobi. Ubalozi nao haumjui msajili, bali waijua Wizara yetu ya Mambo ya Nje. Na Wizara yaijua idara iliyoitoa hati. Kwa hiyo hati husafiri kama mgeni anayepelekwa kwa mkono, huyu akimtambulisha kwa yule: kwanza idara iliyoitoa, kisha Wizara, kisha ubalozi. Mkiruka hatua moja, hatua inayofuata itawarudisha nyuma, na nauli ya kuja Nairobi mtailipa mara ya pili.

Shahada za mtihani wa sekondari huanzia kwa Baraza la Mitihani la Kitaifa. Karatasi ambazo si za Serikali, kama hati ya kiapo au hati ya kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, huanzia kwa notari, naye ni wakili aliyepewa cheo hicho na Jaji Mkuu. Kisha sahihi ya notari yathibitishwa na Msajili wa Mahakama Kuu kabla ya kufika Wizarani. Wengi hudhani ya kuwa kamishna wa viapo na notari ni mtu mmoja. Huenda wakawa wakili yule yule, lakini vyeo ni viwili, na muhuri wa kamishna peke yake mara nyingi haukubaliwi ng'ambo.

Yafaa pia ieleweke ya kuwa mihuri hii yote haisemi ya kwamba maneno ya hati ni kweli. Yasema tu ya kuwa sahihi ni ya mtu fulani, na kwamba alikuwa na cheo cha kuiweka. Hati yenye uongo haigeuki kweli kwa kupigwa mihuri minne.

Sasa tuje kwenye majina, kwa maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Kijana amezaliwa akaandikwa kwa jina la babu yake. Akabatizwa, akapewa jina jingine. Shuleni mwalimu akaandika alivyosikia. Na pasipoti ikafuata kitambulisho. Nyumbani sote twajua ya kuwa ni mtu mmoja. Katika nchi ya watu ni watu watatu, na wawili kati yao hawana ruhusa ya kufanya kazi. Dawa yake ni hati ya kiapo inayotaja majina yote, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na ifanywe mapema kabla hati nyingine hazijaanza safari. Wazee wetu wana shida yao ya namna nyingine: kuandikisha vizazi kwa lazima hakukuenea Kenya nzima mpaka mwaka 1971, na waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawana cheti. Hao wasingoje mpaka siku ya safari ndipo waombe kuandikishwa kwa kuchelewa.

Mmetuuliza pia juu ya apostili. Huo ni mkataba uliofanywa The Hague tarehe 5 Oktoba 1961, nao wafupisha njia yote tuliyoieleza: cheti kimoja cha pembe nne, chenye mambo kumi yaliyohesabiwa, hutosha mahali pa ubalozi. Rwanda iliingia mwaka 2024, na China mwaka 2023. Lakini cheti hicho chafaa tu ikiwa nchi zote mbili zimo katika mkataba, na hadi mwisho wa mwaka 2024 Kenya haikuwamo. Basi mtu akiwauzia apostili ya Kenya katika kichochoro cha mjini, ulizeni Wizarani kwanza kabla hamjafungua mfuko.

Wenye biashara tutawaambia kwa ufupi. Mnunuzi wa ng'ambo hutaka cheti cha kusajiliwa kwa kampuni na orodha ya wakurugenzi. Orodha hiyo iwe mpya. Ya mwaka jana hurudishwa.

Tena, jamani, acheni kuzifunika shahada kwa plastiki. Twaelewa ya kuwa ni kwa kuzitunza zisiliwe na mchwa, lakini wino wa muhuri haushiki juu ya plastiki, na kuibandua huirarua karatasi.

Ofisi yetu haithibitishi hati, wala haina rafiki Wizarani. Tunaloweza ni kuzisoma hati zenu, kulinganisha majina herufi kwa herufi, na kuwaambia pa kuanzia. Malipo ya Serikali hulipwa kwa eCitizen, na asiyezoea mtambo huo tutakaa naye. Kwa wajane na yatima nauli ndiyo inayowashinda, na kwa hiyo Halmashauri yaleta ombi mbele yenu la kutenga fungu dogo la safari zao katika makisio ya mwaka ujao. Ombi limeandikwa katika ukurasa unaofuata hesabu, na Bwana Mwenyekiti atalipigisha kura baada ya chai.