Ajira ya Wenyeji Dongo Kundu Itanguliwe na Mafunzo

Ukanda Maalumu wa Kiuchumi wa Dongo Kundu, yaani eneo la Likoni, Mombasa, nchini Kenya, lililotengwa kwa viwanda vinavyopewa nafuu ya kodi chini ya sheria ya mwaka 2015, unaibua swali zito kuhusu iwapo vijana wa Likoni na Mtongwe watapata ufundi au watabaki vibarua. Katika mtambo mkubwa, kama kile kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilichoanza kazi mwaka 1963 na kusitisha usafishaji mwaka 2013, kuchomelea bomba la shinikizo kubwa si kazi ya kujifunza kwa wiki moja, na ndiyo maana uanagenzi, yaani kujifunza kazini chini ya fundi mzoefu, hauna budi kuanza kabla ya mitambo kuwashwa. Nyenzo ya kugharimia mafunzo hayo ipo, kwani waajiri nchini hutozwa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, na fedha hizo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo huwarudishia waajiri sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Kwa hiyo, serikali na wawekezaji waandike nafasi za uanagenzi ndani ya mikataba yenyewe, kwa kuwa ahadi isiyo na maandishi haimwajiri mtu.