Kabila Moja Katika Daftari, Jamaa Wengi Nyumbani

Maneno yaliyosemwa Kasongo mbele ya wafanyakazi na jamaa zao



Sisi makarani wa mgodi tumeombwa kusema juu ya makabila. Si neno jepesi. Lakini sisi ndio tunaoshika kalamu, na katika daftari letu iko nafasi moja iliyoandikwa: Kabila. Basi tuanze na kosa letu wenyewe.

Mfanyakazi mwenzetu alifariki kambini. Baba yake alikuwa Mkusu Mwislamu wa Kasongo. Mama yake Mbangubangu Mkristo wa Kabambare. Jamaa za baba wakasema azikwe kabla ya jua kuchwa. Jamaa za mama wakasema wajomba wangojewe, wako njiani kwa miguu. Maneno yakawa makali, vijana wakashika fimbo. Ndipo wakatujia: "Fungueni daftari, litaamua." Tukafungua. Daftari lilikuwa na neno moja tu, nalo tuliliandika sisi siku alipoomba kazi, bila kumwuliza sana. Waliopendezwa na neno lile wakapiga vigelegele mbele ya maiti. Tuliona haya kubwa. Mwisho bibi wawili, mmoja wa kila upande, wakaketi mkeka mmoja, wakapatana: azikwe jioni ile, na matanga yafanywe kwao Kabambare pamoja na wajomba. Fimbo zikawekwa chini.

Ndugu, bibi wale walijua kitu ambacho daftari halijui. Mtu hana upande mmoja.

Tazameni historia yetu. Sokoni Nyangwe, Wagenya na watu wa vijiji vingi walikutana kuuziana samaki na vyakula, na lugha zao zilikuwa mbalimbali. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanya biashara wa pwani wakapiga bunduki katika soko lile, na mamia wakafa, wengi wao wanawake. Livingstone alikuwapo, akaona. Jambo hili hatulifichi. Wako kati yetu ambao babu zao waliuzwa, na wako ambao babu zao walishika bunduki. Na mara nyingine ni babu yule yule: alitekwa akiwa mtoto, akalelewa na watu wa pwani, akaitwa mwungwana, akapewa bunduki. Ngongo Lutete alikuwa mtumwa kwanza, kisha mkubwa wa vita wa Tippu Tip. Mwaka 1892 akaenda upande wa Dola ya Leopold. Mwaka 1893 maofisa wa Dola ile ile wakamwua.

Dola iliteka Kasongo Aprili 1893. Baadaye Wabelgiji wakaleta karatasi zao. Watu waliozaliwa hapa na mama wa hapa wakaandikwa "waliofanywa Waarabu", kana kwamba ni wageni. Wakusu na Watetela, walio ndugu kwa asili, mpaka wa mikoa ukawatenga, hawa Kivu, wale Kasai. Na kwa miaka mingi serikali ilisaidia shule za misioni tu. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma alipata mara nyingi jina la ubatizo. Sisi tuliosoma kwa Mapadri tunao jamaa wenye majina mawili, la shuleni na la nyumbani. Mtu ni yule yule.

Tunasema hivi si kwa kumlaumu Mzungu peke yake. Yeye aliandika, sisi tuliendelea kuyasoma maandishi yake kama ukweli wote.

Mwaka 1958 chama cha MNC kilipoanzishwa, Lumumba alikuwa Mtetela wa Sankuru. Hata hivyo Waislamu wengi wa Kasongo walimfuata, kwa kuwa aliwaita kuwa wananchi. Jambo lile lilikuwa zuri. Lakini umoja wa mkutano hautoshi. Mwaka 1964, vita ya Simba ilipoingia Maniema, kabila la mtu, shule yake na kazi yake vikawa tena sababu ya kumshuku. Umoja usiofika jikoni na makaburini huanguka siku ya njaa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

La kwanza linatuhusu sisi makarani: majina ya waombao kazi tuyaandike kwa kufuata siku waliyofika, si kabila la kapita. Mkituona tunapindisha, tuambieni mbele ya watu.

La pili: mtu akiiba au akigombania shamba, tajeni jina lake, msitaje kabila lake. Mwizi ni mmoja, kabila halikuiba.

La tatu: penye msiba au ndoa, wazee wa baba na wazee wa mama wakae mkeka mmoja kabla maneno hayajawa makali.

Hatuwaambii mwache makabila yenu. Kiswahili tunachosema na wali tunaokula vilikuja kwa njia yenye machozi, na leo ni vyetu sote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kesho mtakapoulizwa, "Kabila gani?", jibuni bila haya. Kisha ongezeni kabila la mama.

Tumesema.