Bajeti, Msaada na Usalama wa Nyumba Zetu

Hotuba ya Mwakilishi wa Wadi katika ibada ya shukrani ya yubile ya miaka 25 ya kwaya, Jumapili, 1 Desemba 2024

 

 Kati yenu wako waliosimama kwenye kwaya hii ilipoanza mwaka 1999, na leo watoto wao wamevaa sare hiyo hiyo. Kudumu pamoja miaka 25, mkichanga nauli, mkizika wenzenu na kuozesha watoto wenu, si jambo dogo. Hongereni sana.

Katibu wa kwaya aliponialika aliniomba mambo mawili: nisizidishe dakika 15, na nisilete siasa za uchaguzi madhabahuni. Nitatii. Nimeleta majibu ya maswali matatu ninayoulizwa zaidi kila ninapofungua mlango wa ofisi: pesa za kaunti ziko wapi, msaada unapatikana wapi, na nyumba iliyokosa amani isaidiwe vipi.

Biblia inatuambia maana ya yubile. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, baragumu ilipopigwa, shamba lilirudi kwa wenyewe na aliyejiuza kwa sababu ya deni alirudi kwa jamaa zake. Hawakuwa wakipewa zawadi. Walikuwa wakirudishiwa kilicho chao. Naomba mlibebe neno hilo mnaponisikiliza: haki si fadhila, na anayedai haki yake haombi.

Kwanza, bajeti.

Mwaka huu umekuwa mgumu kwa kaunti zote 47. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoondolewa mwezi Juni baada ya maandamano ya vijana, serikali ya kitaifa ilitafuta mahali pa kupunguza matumizi. Mgao wa kaunti uliokuwa umewekwa kuwa shilingi bilioni 400.1 ukapendekezwa ushuke hadi bilioni 380. Bunge la Taifa na Seneti wamevutana kwa miezi juu ya tofauti hiyo. Kwa hiyo ukiona mradi umesimama, usidhani mara moja kwamba umeliwa. Lakini pia usinyamaze. Uliza, na ujibiwe kwa karatasi. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka pesa za umma zisimamiwe kwa uwazi na wananchi washirikishwe.

Muielewe kazi yangu. Mwakilishi wa wadi hatii sahihi hundi. Tuko 35 tuliochaguliwa kwenye wadi za Kaunti ya Kisumu, na kazi yetu ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuikagua serikali ya kaunti. Kaunti inashughulikia zahanati na hospitali zake, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, mitaro na barabara zake. Shule za msingi na za sekondari, polisi na mahakama ni za serikali ya kitaifa. Ukijua mlango, hutazunguka.

Sasa sikilizeni tarehe, maana bajeti ina majira yake kama mahindi. Kufikia 28 Februari, serikali ya kaunti hutuletea bungeni waraka wa mikakati ya fedha, ambao huweka kiwango cha pesa cha kila idara. Kufikia 30 Aprili, makadirio yenyewe huletwa. Kufikia 30 Juni, huwa tumeyapitisha, na 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza. Anayekuja kulia mwezi wa Agosti kwamba mtaro wake haukuwekwa amekuja shamba limeshavunwa.

Mara nyingi kikao cha maoni ya wananchi kinajaa watu wale wale, na wengi wanangojea soda na nauli. Kwaya hii ina watu zaidi ya 40 wanaojua kufika kwa wakati na kusikilizana. Njooni. Na mkija, msiseme "tunataka maendeleo". Semeni kitu, mahali na sababu, halafu muandike na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Nitawapa mfano. Mazoezi yenu huisha giza limeingia, na wasichana wanarudi nyumbani kwa miguu. Andikeni: "Tunaomba taa za barabarani kutoka lango la kanisa hadi stendi, kwa sababu waimbaji wetu hupita hapo usiku." Ombi kama hilo lina uzito, na mwakilishi wenu analisimamia kwa nguvu akiwa na barua yenu mkononi.

Pili, msaada.

Mvua za Machi hadi Mei mwaka huu zilifurika nyanda za Nyando na Nyakach, na ziwa likapanda likawafuata watu wa ufukweni hadi milangoni. Makanisa yalifungua milango kabla lori lolote la msaada halijafika. Mungu awabariki. Lakini harambee haiwezi kuzibua mtaro wala kujenga ukingo wa mto. Harambee humwokoa mtu leo; bajeti humzuia asizame mwakani. Tunahitaji zote mbili.

Mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, anayelea yatima, au mwenye ulemavu mkubwa, aulize juu ya Inua Jamii kwa chifu au katika ofisi ya ustawi wa jamii. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Najua huchelewa, na wazee wetu wanateseka wakingoja. Hata hivyo, asiyeandikishwa hatakuwa hata na cha kungojea.

Matibabu nayo yamebadilika. Tangu 1 Oktoba, Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya NHIF. Kadi ya zamani haikuhamishii kila kitu. Jiandikishe wewe na wanaokutegemea, kwa simu ukibonyeza *147# au kwenye kituo cha afya. Wasio na mshahara hulipa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kijana wa kwaya mwenye simu anaweza kukaa hapo nje baada ya ibada akawaandikisha kina mama wa omena na wazee. Hiyo pia ni huduma.

Na basari: fomu haiuzwi. Atakayekuuzia, nipigie.

Tatu, usalama wa familia. Hapa naomba tutulie.

Tuko ndani ya zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, zinazoanza 25 Novemba hadi 10 Desemba. Polisi wametangaza kwamba kati ya Agosti na Oktoba mwaka huu wanawake 97 wameuawa katika nchi hii. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kuumizwa kimwili tangu wafike miaka 15. Kwa wanaume ni asilimia 27. Tazameni safu za sauti zilizosimama hapa. Hesabu hiyo haibaki nje ya kanisa.

Tumezoea kusema ni mambo ya ndani. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inataja kupiga, kutisha, kunyima mtu pesa za matumizi na kuharibu mali yake. Inataja pia mambo tunayoyajua sisi wa huku: kumrithi mjane kwa nguvu, kumtakasa mjane, na wakwe kuingilia ndoa. Sitaki mtu aniambie ni mila. Mila nzuri tunazo, na hakuna inayomlazimisha mama aliyezika mume juzi kuchagua kati ya mwili wake na nyumba yake.

Anayetishwa anaweza kwenda mahakamani, hapa Kisumu au Winam, kuomba amri ya ulinzi. Hakimu anaweza kutoa amri ya muda hata kabla ya mshtakiwa kusikilizwa, na mtu mwingine anaweza kuomba kwa niaba ya aliyeumizwa. Anayevunja amri hiyo ametenda kosa la jinai.

Kwa wazee wa kanisa na wazee wa mitaa nasema kwa heshima: patanisheni waliogombana, lakini msipatanishe kosa la jinai. Mtoto akinajisiwa, hakuna kikao cha mbuzi wala cha shilingi. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, si familia inayoamua kesi iondolewe. Kumwambia mama "rudi ukavumilie, umwombee" huku ana majeraha ni kumrudisha kwenye hatari. Tumwombee akiwa mahali salama.

Mtu akibakwa, aende hospitali mara moja, na isipite saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya muda huo. Leo ni Siku ya UKIMWI Duniani; hilo mlikumbuke. Asioge. Nguo asifue, aziweke kwenye karatasi, si kwenye plastiki. Sheria inasema matibabu yake katika hospitali ya umma yagharimiwe na serikali. Kisha aripoti kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi na kupewa fomu ya P3, ambayo ni ya bure. Asiende peke yake. Mmoja wenu amsindikize, amshike mkono, abaki naye.

Nambari mziandike nyuma ya kitabu chenu cha nyimbo: 1195 kwa ukatili wa kijinsia, 116 kwa watoto, 999 au 112 kwa polisi. Nambari hizo hazitozi pesa.

Ninaomba jambo moja kwa kwaya. Mwalimu wa kwaya husikia sauti moja ikipotea katikati ya sauti 40. Sikio hilo litumike nje ya mazoezi pia. Mwimbaji akikosa mara tatu bila habari, mtu afike kwake. Akija na kitambaa kimefunika shingo kwenye joto hili la Kisumu, mtu amwulize kwa upole, kando, bila kumhukumu. Chagueni watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, ambao kila mwimbaji anajua anaweza kuwaendea hata usiku. Jambo hilo halihitaji bajeti ya kaunti wala sahihi yangu.

Kwa upande wangu, waraka wa mikakati ya fedha utakapoletwa bungeni, nakala itakuwa ofisini, na tarehe ya kikao cha maoni nitamletea katibu wa kwaya aisome kwenye matangazo ya Jumapili. Mkikosa tangazo hilo, nipigieni mniulize. Mna haki.

Kwaya yetu, Mungu awape miaka mingine 25, mfike ile ya 50 ambayo baragumu hupigwa. Na siku hiyo asikosekane hata mmoja kwa sababu tulinyamaza.

 Mungu awabariki.