Mzee Aulizwe kwa Lugha Yake



Tangu Januari 2024, kila Muomani aliyetimiza miaka 60 ana haki ya riali 115 kwa mwezi kutoka Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, tajiri na fakiri sawasawa, wala haulizwi ana watoto wangapi wa kumtunza. Na Zanzibar nayo, kwa kadiri ya uwezo wake, ilianza Aprili 2016 kuwapa wazee wake wote waliofika miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000. Hayo ni mambo ya kushukuriwa. Lakini riali humfikia mzee hata asipotamka neno, ilhali tabibu na mtafiti hawawezi kumjua hali yake ila kwa kumuuliza, na hapo ndipo penye maoni yangu ya leo.

Humu Maskati, kuanzia Matrah hata Sib, wamo wazee waliozaliwa Unguja, Pemba na Mombasa, waliofika huku baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na wengi wao baada ya Julai 1970, Sultani Qaboos alipotawala na kuwaita Waomani wa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Wengi miongoni mwao Kiarabu walikipata ukubwani, wakakitumia ofisini na sokoni; Kiswahili ndicho walichochezea utotoni, na ndicho wanachonong'ona maumivu yanapozidi.

Sasa mtafiti anapompima mzee akili yake, humwuliza siku, humpa maneno ayakumbuke, humtaka aeleze maana ya vitu. Akishindwa bibi mmoja kujibu kwa Kiarabu, ni nani atakayejua kama ni kumbukumbu iliyomponyoka au ni lugha? Waliowachunguza wazee wa lugha mbili katika nchi mbalimbali wameripoti kuwa yumkini, maradhi ya kusahau yanapoingia, lugha iliyokuja nyuma ikatangulia kumtoka mtu. Basi kipimo kisichojali jambo hili chaweza kumwandika mgonjwa aliye mzima, na kumkosa kabisa aliye mgonjwa.

Dawa ya shida hii imekwisha kuanzwa kwa Kiswahili chenyewe. Katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, wakatangaza mwaka 2013 kuwa zaidi kidogo ya 6 katika kila 100 wana maradhi ya kusahau. Kisha kikatungwa kipimo kifupi kisichomdai mzee kusoma wala kuandika: aeleze daraja ni nini, ataje wanyama awezao kwa dakika moja, akumbuke maneno kumi, apange njiti za kibiriti kwa kufuata mfano. Bibi aliyehitimu chuoni kwa Kurani, asishike kalamu maishani, hatahukumiwa kwa kukosa skuli.

Sisemi kichukuliwe kama kilivyo. Kiswahili cha Hai si cha Mkunazini, Unguja, na mzee aliyeishi chini ya tawala kadhaa, katika mabara mawili, yataka aulizwe juu ya ulimwengu alioujua yeye. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos na Wizara ya Afya wana wataalamu wa kulisawazisha jambo hilo, na vijana wa majumba ya wazee hao, wasemao Kiarabu na Kiswahili, waweza kufunzwa kuuliza.

Atasema mtu: lugha ya dola ni Kiarabu, na wazee hao wanapungua kila mwaka. Ni kweli, na kwa kupungua kwao ndiyo maana nasema tuharakishe, kwani la mwakani halitamfaa anayeugua leo. Wala insafu haitaki gharama kubwa: katika kila daftari la utafiti wa wazee nchini, swali la kwanza kabla ya umri na kabla ya maradhi liwe hili, kwamba mzee wetu apenda tuzungumze naye kwa lugha gani, na akishajibu, afuatwe.