Mchango wa Uzeeni: Kikomo Kiondolewe au Kibaki?

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama katika mkutano wa mwaka wa chama cha waliosoma shuleni hapa)

Bwana Mwenyekiti, Bwana Mwalimu Mkuu, walimu wetu tuliowachosha na ninyi mnaochoshwa hivi sasa, ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma:

Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya kazi ya serikali. Nimechukua kipande kimoja kidogo cha kazi hiyo, ambacho kila mwajiriwa aliyemo humu amekiona kwenye karatasi yake ya mshahara akaguna, na ambacho ninyi vijana mtakutana nacho mwezi wa kwanza wa kazi. Nasema kwa niaba yangu, si kwa niaba ya wizara. Swali ni hili: mchango wa uzeeni wa NSSF ukatwe katika mshahara wote, au ukatwe hadi kiwango fulani kisha kilichozidi kiachwe?

Wale waliokuwa wakikimbia kipindi cha hesabu wanivumilie kidogo. Kwa miaka mingi, hadi Januari 2023, mfanyakazi wa Kenya alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri wake akatia 200 nyingine. Meneja alitoa 200, na bawabu wa lango lake akatoa 200. Mtu akichanga hivyo miaka 20 bila kukosa hata mwezi mmoja, yeye na mwajiri wake huwa wametia shilingi 96,000, kabla ya kuhesabu faida. Fedha hizo zingemlisha mzee muda gani? Hapana shaka ilikuwa akiba ya jina tu.

Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2013, ikakaa mahakamani karibu miaka kumi, mpaka uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa Februari 2023 ulipofungua njia. Tangu hapo mfanyakazi hutoa asilimia 6 ya mshahara na mwajiri asilimia 6, lakini hadi kikomo. Kikomo kilianza kwenye shilingi 18,000, mwaka 2024 kikawa 36,000, mwaka 2025 kikawa 72,000, na tangu Februari 2026 ni 108,000. Katika mwaka wa tano sheria yataka kifike mara nne ya wastani wa mapato ya nchi. Kwa hiyo kikomo hiki si ukuta, ni ngazi, na bado tunaipanda.

Sasa manung'uniko. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa 1,800, yaani asilimia 6 kamili. Mwenye 108,000 hukatwa 6,480, naye ni asilimia 6. Mwenye 500,000 hukatwa 6,480 hiyo hiyo, ambayo kwake ni kama asilimia moja na theluthi. Hapo ndipo watu husimama wakauliza: haki iko wapi? Mbona bima ya afya ya SHIF, tangu Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo, ilhali NHIF ya zamani ilikuwa ikisimama kwenye shilingi 1,700? Na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 nao hauna kikomo. Kwa nini uzee peke yake uwekewe mpaka wa kumpendelea tajiri?

Nimelisikia swali hili likiulizwa kwa hasira, na hasira hiyo naiheshimu. Hata hivyo naomba tutazame fedha zinakwenda wapi baada ya kukatwa.

Sisi sote twajua vyama vya aina mbili. Kuna kile cha akiba, ambamo kila mtu ana daftari lake: ulichotia ndicho utakachotoa, pamoja na faida yake. Na kuna sanduku la msiba, ambamo wote hutia na aliyefiwa ndiye apewaye, bila kuulizwa alitia kiasi gani. Katika sanduku la msiba, tajiri akitia kidogo kuliko uwezo wake, maskini huumia. Katika chama cha akiba, tajiri akitia kidogo hajamwibia mtu. Amejipunguzia mwenyewe.

SHIF ni sanduku la msiba. Mgonjwa hutibiwa kwa fedha ya mzima, na mzima mwenye mshahara mkubwa hana budi kutoa zaidi. Kuondoa kikomo pale kulikuwa na maana, ingawa najua huduma zenyewe zina malalamiko yake, na hiyo ni hotuba ya siku nyingine. Lakini NSSF yetu ni chama cha akiba. Kila mwanachama ana akaunti yake. Ukimwondolea kikomo yule wa 500,000, atakatwa 30,000, mwajiri wake atatia 30,000, na zote 60,000 zitaandikwa kwenye jina lake. Bawabu hatapata hata senti. Mwajiri naye atatafuta pa kufidia gharama hiyo, na sidhani ataanzia kwenye mshahara wa meneja.

Wengi wanaosema "kikomo kiondolewe" huwa wamesikia mjadala wa Marekani, nao ni mjadala wa haki kabisa, ila wa nyumba nyingine. Kule mchango ulianza kukatwa mwaka 1937, asilimia 1 kila upande, hadi dola 3,000 kwa mwaka. Leo ni asilimia 6.2 kila upande, na kikomo cha mwaka 2026 ni dola 184,500. Hazina yao ni nusu akiba, nusu sanduku la msiba. Sehemu ya kwanza ya wastani wa mapato ya mtu hurudishwa kwa asilimia 90, inayofuata kwa 32, na ya juu kwa 15 tu, kwa hiyo mnyonge hupata zaidi kulingana na alichotia. Tena taarifa ya wadhamini ya mwaka 2025 ilikadiria kwamba akiba ya mfuko wa wazee itakwisha mwaka 2033, na michango inayoingia itatosha kulipa kama asilimia 77 tu ya malipo. Katika hali hiyo, kumwambia mwenye mapato makubwa achangie mshahara wake wote ni hoja nzito. Kwa bima yao ya afya ya wazee walikwisha kukiondoa kikomo tangu 1994. Ningekuwa mpiga kura wa kule ningeunga mkono.

Jirani zetu nao hawana kikomo. Tanzania hukata jumla ya asilimia 20 ya mshahara kwa NSSF yao, na Uganda asilimia 15, ambapo mwajiri hutoa 10 na mfanyakazi 5. Basi hatuwezi kusema jambo hili haliwezekani Afrika Mashariki. Linawezekana. Ninalouliza ni faida yake kwa yule tunayedai kumtetea.

Rai yangu ni kwamba kikomo chetu kibaki na kiendelee kupanda pamoja na mishahara, kisigandishwe kama zile shilingi 200 zilivyogandishwa mpaka zikawa mzaha. Mwenye mshahara mkubwa ana nafasi ya kuweka akiba kwingine, na kodi humruhusu: tangu Desemba 2024 mchango wa uzeeni wa hadi shilingi 30,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato. Tukitaka atoe zaidi kwa ajili ya wazee maskini, na mimi nataka, njia iko tayari. Ni kodi ya mapato, ambayo haina kikomo, na Inua Jamii, ambayo huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Elfu mbili! Hapo ndipo hasira yetu ingefaa kuelekezwa, kwa maana wafanyakazi wengi wa nchi hii hawana karatasi ya mshahara. Mwendesha bodaboda, mama wa mboga sokoni, fundi wa chini ya mwembe: kikomo kipandishwe au kiondolewe, hakiwagusi. NSSF ina mpango wa hiari uitwao Haba Haba kwa ajili yao. Ni mpango mwema, lakini wa hiari, na mtu anayelala bila kujua kesho atakula nini hana hiari nyingi.

Neno la mwisho kwa wenzangu mlioajiri watu, nao naona si wachache humu. Mchango uliokatwa yafaa ufike NSSF kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Fedha iliyokatwa kwenye mshahara wa mtu ikabaki kwenye akaunti ya kampuni si mtaji. Na ninyi vijana, siku mtakapoajiriwa ombeni namba yenu ya uanachama, kisha kila baada ya miezi michache itazameni taarifa ya akaunti, mwezi kwa mwezi. Mkiona mwezi umerukwa, ulizeni mwezi huo huo, kwa sababu kampuni hufungwa, wahasibu huhama, na makaratasi ya miaka 15 iliyopita hayapatikani.

Bwana Mwenyekiti, naona wapishi wamekwisha kutuashiria. Wenye maswali watanikuta chini ya ule mti wa mkabala na maabara.